Tulifunga, tukakesha, na bado kakangu akafa: jibu kwa dada wa Kahawa West

Dadangu, barua yako nimeisoma tena na tena kabla ya kukujibu, na kwa sababu kuna wengine watasoma hapa wacha kwanza niseme kwa ufupi uliuliza nini. Kakako mdogo figo zilifeli, akaenda daialisisi, kusafishwa damu kwa mashine, karibu miaka miwili, mara mbili kwa wiki, na nyinyi nyumbani mkaomba. Mlifunga siku 21, mkafanya kesha, kanisa likasimama na nyinyi, na mtu mmoja anayeitwa nabii akasema Mungu amemwonyesha huyo kijana akitoka hospitali kwa miguu yake, nawe ukatoa mbegu, yaani sadaka ya kungojea muujiza, ya elfu thelathini uliyokopa kwa chama chenu cha akina mama. Halafu akafa. Kuanzia hapo kuna watu wanakuambia imani yenu ilikuwa na shimo mahali, na wewe unadhani unajua hilo shimo liko wapi, juu usiku ule aliokufa ulikuwa umechoka, ukalala bila kuomba. Bado unaimba kwaya lakini watu wakifumba macho wewe huombi, unangoja tu amina. Mwezi ujao anatimiza mwaka, kuna ibada ya kumbukumbu huko ushago, na wazee wameshakupangia utoe ushuhuda. Unauliza, Pasta, mimi bado ni Mkristo kweli, na nitasema nini pale mbele.

Nianze na huo usiku, kwa sababu nimeona kwenye barua umeutaja mara tatu.

Kazi yangu ni uchungaji wa hospitali, miaka mingi sasa nakaa wodini na wagonjwa na watu wao hapa Nairobi, na wagonjwa wa figo nimekaa na wengi sana. Wewe unajua zile saa nne kwenye mashine, unajua kunywa maji kwa kupimiwa, unajua kukatazwa ndizi na parachichi. Lakini labda hakuna mtu alikukalisha chini akakueleza kwa nini wanaondoka ghafla vile. Figo zikikataa, potasiamu inapanda kwenye damu na maji yanajaa mwilini, na potasiamu ikipanda sana moyo unapoteza mapigo, unaweza kusimama mtu akiwa amelala hata hajalia. Madaktari wanajua siku hatari zaidi ni zile za pengo refu kati ya kipindi kimoja na kingine, na ndiyo maana sehemu nyingi duniani daialisisi hufanywa mara tatu kwa wiki, huku kwetu wengi wakipata mbili kwa sababu ya pesa. Umesema alifariki Jumatatu alfajiri na alikuwa amesafishwa mara ya mwisho Alhamisi. Dadangu, sikukuwa pale na mimi si daktari wake, lakini nakuomba usiweke usingizi wako mahali ambapo ugonjwa ulikuwa tayari umekaa.

Na hata tukiacha mambo ya hospitali. Usiku wa Getsemane Yesu aliwaomba marafiki zake watatu wakeshe naye saa moja tu, wakalala. Akawaamsha, wakalala tena. Alichowaambia ni kwamba roho i radhi lakini mwili ni dhaifu, na akaendelea kuomba peke yake. Wokovu wa dunia nzima haukuning'inia kwenye macho ya Petro kubaki wazi, sembuse uhai wa kakako kwenye macho yako, wewe ambaye ulikuwa umetoka kazini, umempikia chakula chake kisicho na chumvi, umemgeuza kitandani, umefua shuka. Ulilala kwa sababu ulikuwa umempenda siku nzima.

Sasa hayo maneno ya shimo kwenye imani. Mimi hukasirika nikiyasikia, nasema wazi. Kuna mafundisho yamesambaa hapa mjini, kwa redio, kwa mahema, kwa mabango ya barabarani, yanafanya maombi yawe kama tokeni ya stima, ukiingiza namba zote ishirini sawasawa taa lazima iwake, na ikikataa basi wewe ndiye umekosea namba moja. Ni mafundisho yanayopendeza mtu ambaye hajafiwa. Akishafiwa yanamgeuka, juu sasa lazima atafutwe aliyekosea, na mara nyingi ni yule aliyekuwa karibu zaidi na mgonjwa.

Soma Matendo sura ya 12, isome yote kwa mkao mmoja. Herode anamkamata Yakobo ndugu yake Yohana anamuua kwa upanga, mstari mmoja tu, kwisha. Halafu anamkamata Petro, anamweka chini ya vikosi vinne vya askari wanne wanne, na kanisa linaomba kwa juhudi, na malaika anamtoa. Watu huhubiri hapo kila mara, malaika, minyororo, lango linajifungua lenyewe. Lakini angalia nini kinafuata. Petro anafika kwa nyumba ya Mariamu mama yake Marko ambapo watu wengi wanamwombea yeye mwenyewe, anabisha, msichana anaitwa Roda anasikia sauti yake, anakimbia kuwaambia, na wale waombaji wanamwambia "Una wazimu". Hawakuamini! Walikuwa kwenye kesha, wanaomba jambo, jambo limesimama mlangoni linabisha, na wao wanasema haiwezekani. Kama hesabu ni kwamba imani kubwa ndiyo hutoa jibu, Petro angekatwa kichwa asubuhi hiyo.

Na Yakobo je? Kwani yeye hakuombewa? Biblia haisemi, ila ni vigumu kuamini kwamba kanisa lilikaa tu kimya mmoja wa wale watatu wa karibu kabisa na Yesu akishikwa. Luka aliyekiandika kitabu hakutaja sababu. Hakuna mstari unasema Yakobo alikuwa na dhambi ya siri, hakuna mstari unasema kanisa lilipungukiwa. Mmoja alikufa, mmoja akatoka, sura ni hiyo hiyo moja, Mungu ni huyo huyo mmoja.

Ninachotaka ukione hapo ni Yohana. Yohana ni mtu aliyefiwa na kaka. Walivua samaki pamoja, wakaacha mashua ya baba yao pamoja, na sasa mmoja ameuawa, na siku chache baadaye anasikia watu wakishangilia kwamba Petro ametolewa na malaika. Hebu fikiria kanisani siku hiyo. Wewe unajua hiyo hisia, uliiandika, ulisema kuna dada mwingine kwenye kwaya kakake alipata figo ya kupandikizwa akapona na siku ya ushuhuda wake ulitoka nje ukakaa kwa ngazi. Sijui Yohana alienda kukaa wapi. Lakini baadaye kwenye barua kwa Wagalatia, sura ya 2, Paulo anafika Yerusalemu na anawakuta Petro na Yohana bado wako pamoja, wanahesabiwa nguzo za kanisa. Hakuna mtu alimwambia aharakishe, angalau hatusomi hivyo. Alibaki na swali lake akiwa ndani ya watu.

Uliniuliza pia kuhusu Marko 11:24, "Yo yote myaombayo mkisali, aminini ya kwamba mnayapokea, nayo yatakuwa yenu." Nabii wenu alihubiri hapo. Siwezi kuufuta huo mstari na sitaki, ni maneno ya Bwana, na mimi bado naombea wagonjwa wapone na nishaona waliopona wakati daktari alikuwa ameshaita familia. Lakini geuza kurasa, nenda Marko 14, sura tatu mbele. Yule yule aliyesema hayo amelala kifudifudi anaomba, "Aba, Baba, yote yawezekana kwako; uniondolee kikombe hiki; walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Kama kuna mtu aliwahi kuomba bila shimo kwenye imani ni huyo. Na kikombe hakikuondolewa. Hapo ndipo mimi husimama. Waebrania 5:7 inasema Kristo aliomba kwa kulia sana na machozi kwa yule awezaye kumwokoa na mauti, na inasema akasikilizwa. Akasikilizwa! Na kesho yake akawambwa. Kwa hiyo kusikilizwa na kupewa ulichoomba usiku huo ni vitu viwili, na jibu lake lilikuja siku ya tatu upande wa pili wa kaburi, si upande huu. Sisi tunaamini la kakako pia liko huko. Sisemi hivyo ili usilie. Yesu alijua anaenda kumfufua Lazaro dakika chache zijazo na bado alilia kabla ya kufika kaburini, na Paulo anaita mauti adui, adui wa mwisho atakayebatilishwa. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie Mungu alihitaji ua zuri kwa bustani yake akamchuma kakako. Ni adui alikuja nyumbani kwenu.

Kuhusu yule nabii nitasema kidogo tu. Kumbukumbu la Torati 18:22 iko wazi, nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitokee, Bwana hakulinena, amenena kwa kujikinai, na mstari unamalizia kwa kukuambia usimwogope. Si wewe uliharibu unabii. Ile elfu thelathini una haki ya kwenda kwa wazee wa kanisa, uende na mtu mzima wa familia, muulize kwa heshima na muombe irudishwe. Wakikataa utakuwa umejua mahali uko. Na deni la chama waeleze akina mama wenzako ukweli, usiendelee kulipa kimyakimya ukijificha, mzigo wa aibu juu ya mzigo wa msiba ni mwingi mno.

Wafariji wako wale wengine nafikiri wengi wana upendo tu na hawajui la kusema. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno na hapo walikuwa sawa kabisa, walikosea walipoanza kueleza. Mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama Ayubu alivyonena. Na Ayubu alikuwa amenena nini? Alilaani siku aliyozaliwa, alisema Mungu anamwinda kama simba, aliomba kesi. Wale waliotetea Mungu ndio walihitaji kuombewa na yule aliyemlalamikia.

Sasa swali lako kubwa, kama wewe bado ni Mkristo.

Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi kabla ya Pasaka, watu 148 waliuawa pale Chuo Kikuu cha Garissa, na kati ya wa kwanza kushambuliwa ni wanafunzi waliokuwa kwenye maombi ya alfajiri. Unakumbuka, familia zilikusanyika Nyayo Stadium, miili ikaletwa mochari ya Chiromo, na Jumapili ilikuwa Pasaka, makanisa yote ya mji huu yakaimba amefufuka. Nawataja kwa sababu wale vijana walikuwa na magoti chini. Hakuna mtu mwenye akili timamu atasema hawakuomba vya kutosha. Na wale wazazi waliorudi kanisani Pasaka hiyo, na kuna wengine hawakurudi mpaka baadaye sana, kurudi kwao hakukuwa kwa sababu walikuwa wamepata jibu. Imani ya namna hiyo ndiyo hukaa. Haina majibu mengi. Inajua tu inalia kwa nani.

Na wewe uliandika sentensi moja ambayo nadhani hukuiangalia vizuri. Ulisema, "Nikiwa kwa matatu usiku nikitoka kazi huwa namuuliza Mungu kwa nini, halafu nakumbuka sijui kuomba tena." Dadangu, hayo ndiyo maombi. Zaburi ya 13 inaanza hivyo hivyo, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Karibu thuluthi ya Zaburi zote 150 ni za kulalamika, watu walipewa wayaseme hekaluni kwa sauti. Ya 88 ndiyo nzito kuliko zote, inaanza na kilio na inaishia gizani, haina ule mstari wa mwisho wa kusema lakini nitakusifu. Waliokusanya Zaburi wangeweza kuiongezea mwisho mzuri, hawakuongeza. Naipenda sana kwa sababu nimeisoma kando ya vitanda ambapo zaburi nyingine yoyote ingekuwa matusi. Asiyeamini hana haja ya kumgombeza Mungu usiku ndani ya matatu ya Thika Road, anaangalia simu yake anashuka anaenda.

Yohana Mbatizaji akiwa gerezani alituma watu wamuulize Yesu, "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" na huyo ndiye aliyembatiza kwa mikono yake. Yesu hakumkemea, na wale wajumbe wakiondoka tu akaanza kumsifu mbele ya watu. Tomaso alikaa siku nane akisema mimi siamini, na Biblia inasema siku ya nane alikuwa ndani ya nyumba pamoja na wengine, maana yake hawakumfukuza na yeye hakuondoka. Yule baba wa mtoto mwenye kifafa alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mtoto akapona. Ukipenda kuwa na sala moja tu ya kubeba kwa sasa chukua hiyo, ni fupi, inatosha kutoka Githurai mpaka Kahawa.

Nina wasiwasi na jambo moja. Umesema hulali vizuri, chakula hakina ladha, na kuna asubuhi unatamani usingeamka. Hilo usilifanye la kiroho peke yake. Elia alikaa chini ya mti akaomba afe, na Mungu hakuanza na mahubiri, alimlaza usingizi, akamletea mkate na maji, akamlaza tena, akamlisha tena, ndipo baadaye sana akaongea naye. Nenda umwone daktari wiki hii, umwambie hayo yote matatu, hata lile la tatu. Kuna watu wa ushauri nasaha waliosomea kuhusu msiba, na Befrienders Kenya wanasikiliza mtu kwa simu bila kumhukumu. Kwenda huko si kukosa imani, kakako alienda daialisisi na mlimwombea hapo hapo kwa mashine.

Mengine ni madogo. Kwa sasa soma zaburi moja ya kilio kwa sauti kila siku, hata bila hisia, ukiwa peke yako nyumbani, usijilazimishe na zile nyimbo za ushindi. Wakati watu wanaomba na wewe huwezi, usijifanye, kaa tu na uwaache wakubebe, kama yule mgonjwa wa Marko 2 aliyeshushwa kupitia darini na watu wanne, inasemwa Yesu alipoiona imani yao, yao. Meza ya Bwana usiikimbie, iliwekwa usiku ule ule wa Getsemane na waliokula ni hao hao waliolala. Tafuta watu wawili wasiopenda kueleza mambo, ukiweza mmoja awe amefiwa kabla yako, muwe mnakutana hata kwa chai tu. Kwaya, ongea na mwalimu wa kwaya umwambie unahitaji kukaa kiti cha kawaida kwa muda. Ukijikuta umesimama unaimba alto bila kupanga, imba, na Jumapili ukishindwa keti.

Na ushuhuda wa mwezi ujao. Wazee wanataka useme Mungu ni mwema na kila kitu kilikuwa sawa, nafahamu, na ni watu wema. Usiseme uongo mbele ya kaburi la kakako. Unaweza kuwaeleza alikuwa mtu wa aina gani, alivyokuwa anawachekesha manesi, umesema alikuwa na utani. Unaweza kusema mliomba sana, hamkupata mlichoomba, bado unamuuliza Mungu na hujaacha kumuuliza. Ukiona hata hayo yatakushinda, mpigie mjomba wako mapema, si siku yenyewe, mwambie hutazungumza ila ungependa yeye asome Zaburi ya 13 kwa niaba yako. Ina mistari sita, haimalizi hata dakika moja. Halafu mmwombee mamako, mmpe kiti kivulini, mkule.